Kanuni ya Saba ya Chumba cha Kompyuta

Mwezi uliopita mliniaga kwa pilau, risala na saa ya ukutani. Mtu ametumikia kengele miaka zaidi ya thelathini, mnampa saa. Nimeshukuru. Mwalimu Nombo, aliyerithi funguo zangu, akaniomba niwaandikie "machache ya kazini, madamu, ili sisi vijana tujifunze." Nikamwuliza kama nitaje na vyeo. Akasema ndiyo, itapendeza. Basi vyeo sivitaji. Vimo kwenye faili langu, na faili limo kwenye kabati ambalo panya wamelisoma kuliko afisa yeyote. Nitaandika yale ambayo hayamo kwenye faili, na hasa habari za kanuni moja niliyoitunga kwa mkono wangu, kwa mwandiko wangu mzuri unaosifiwa, ikaja kumla mwanafunzi wangu mwenyewe.

Nilianza kazi milimani, katika shule moja upande wa Namswea, ambako asubuhi za mwezi wa saba mwalimu hufundisha amevaa masweta mawili na mwanafunzi hana hata moja. Nilifika na stashahada, sanduku la bati, na chaki za rangi nne nilizonunua Mbinga mjini, nikiamini kwamba elimu ya nchi hii ilikuwa imekaa inanisubiri mimi. Mkuu wa idara ya Jiografia, Mwalimu Mapunda, alikuwa mtu mfupi, mkimya, na shati lake halikupata kuona vumbi la chaki sijui kwa uchawi gani. Alizitazama chaki zangu, akasema, "Nzuri sana. Ubao wetu umechakaa, kila rangi inaonekana kijivu. Karibu." Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu elekezi.

Siku hiyohiyo alinionyesha mashine ya kurudufu. Nyinyi hamkuijua. Ilikuwa na mkono wa kuzungusha kama mashine ya kumenyea kahawa, na ilikula wino kama ng'ombe wa jirani anavyokula mahindi ya mtu. Unachora ramani kwenye stensili, karatasi yake ya nta, kwa kalamu ya chuma. Ukikosea unapaka dawa nyekundu yenye harufu ya rangi ya kucha, unapuliza, unasubiri, unachora upya. Ukimaliza nakala mia mbili viganja vimekuwa kama vya hawa vijana wanaochimba makaa ya mawe kule Ngaka. Leo nawaona mnalalamika kwamba printa imechelewa dakika tatu. Nawahurumia mno.

Mwalimu Mapunda alikuwa na tabia moja iliyonichosha. Kila ramani au mchoro uliotoka kwa mwanafunzi, hata akiutumia kwenye mtihani wa darasa lingine, aliandika pembeni jina la aliyeuchora. Niliona ni kupoteza nafasi. "Ramani haijichori, mwalimu," alisema, basi, hakuongeza.

Kulikuwa na kijana wa kidato cha tatu aliyeitwa Festo, aliyechora mlima wenye ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayochimbwa mteremkoni ili mvua isiondoke na udongo. Aliuchora vizuri hata wageni wakawa wanasimama kuutazama. Mkuu wa shule wa wakati ule akautia kwenye fremu, akaugonga muhuri wa shule katikati ya anga, akautundika ofisini juu ya kichwa chake. Jina la Festo lilikuwa ukingoni, likamezwa na fremu. Siku moja Mapunda aliomba ruhusa ya kufuta vumbi, akapanda kwenye stuli, akaandika jina lile kwa kalamu juu ya mbao ya fremu.

"Nani kaandika hapa?" mkuu aliuliza baadaye.

"Mimi, Mkuu. Muhuri wako unaonyesha mchoro uliko. Nami nimeonyesha ulikotoka."

Nilicheka wiki nzima. Kisha nikasahau. Nalisema hili mapema ili asije mmoja wenu akanitetea kwamba sikufundishwa.

Miaka ikaenda. Mapunda akastaafu akarudi kwenye kahawa yake. Mimi nikahamishwa kutoka kwenye baridi nikapelekwa chini ziwani, Wilaya ya Nyasa, kwenye shule ambayo dirisha la darasa lilikuwa linatazama maji na wanafunzi walikuwa wanatazama dirisha. Nilifundisha Jiografia huko kwa miaka mingi, na sikuona kifaa kipya isipokuwa kifutio. Halafu zikaja kompyuta.

Zilikuja kumi, pamoja na hotuba nne. Kompyuta saba zilikataa kuwaka. Hotuba ziliwaka zote. Mkuu wetu, Mwalimu Hyera, alinikabidhi chumba kwa sababu nilikuwa nimehudhuria semina ya siku tano ambayo siku mbili zake zilikuwa za kufungua na kufunga. Mwalimu Hyera hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kumbukumbu rasmi. Kitu kisichokuwa na nambari ya vifaa kilimnyima usingizi. Alinunua kufuli mbili kwa mlango mmoja, kisha akaniagiza niandike kanuni.

Nikaziandika. Ya kwanza ilihusu viatu vyenye matope, ya pili mihogo, ya tatu kuchomoa nyaya, na kadhalika hadi ya sita, iliyokataza kufuta skrini kwa mate. Zilikuwa sita tu, nami niliona sita ni chache kwa ukubwa wa karatasi. Nikatazama ukutani kwa msaada, nikaona tangazo la stoo: "Viti na meza hizi ni mali ya shule." Nikaandika ya saba: "Kazi zote zitakazotengenezwa kwenye kompyuta hizi ni mali ya shule." Sikumwuliza mtu. Sikufikiri hata muda wa kunywa nusu kikombe cha chai. Mwalimu Hyera aliisoma, akaipenda ile ya saba kuliko zote, akaipeleka karatasi Mbinga kuwekewa plastiki. Hivyo ndivyo sheria zinavyotungwa, vijana wangu, kama mlikuwa mnajiuliza.

Mwaka wa pili wa kompyuta, nilitoa kazi mradi kwa kidato cha tatu: kila mmoja aeleze rasilimali moja ya eneo lake kwa njia ya kompyuta. Wengi waliandika kuhusu mihogo, wakanakiliana hadi makosa. Mmoja, Hilda Haule, hakunakili kwa mtu. Alikuwa msichana mrefu, mwenye kuongea taratibu kana kwamba kila neno linatozwa nauli. Aliazima kishikwambi cha shule, kwa kutia sahihi kwenye daftari tatu, akaenda nacho kwao. Kwa miezi miwili alipiga picha za samaki wa ziwa letu, mmoja mmoja: usipa, mbasa, mbufu, magege, vituwi, na wengine ambao mimi mtu wa milimani nilikuwa nawaita wote "samaki". Kila picha aliitia sauti. Sauti ilikuwa ya bibi yake mzaa baba, Bibi Estha, akitaja jina la samaki kwa Kinyasa, kisha kwa Kiswahili anaeleza anavuliwa mwezi gani, nyavu za namna gani, yupi anapikwa na nini, na yupi mama mjamzito hapewi. Zilikuwa rekodi ishirini na tatu.

Nilitilia shaka. Mwalimu mzuri hutilia shaka chochote kizuri. Jumamosi moja nikaenda kwao kuhakikisha. Nilimkuta Bibi Estha anageuza usipa kwenye chanja, amejifunga kitenge kifuani, na kuku wawili wanasubiri akosee.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa samaki?"

"Mimi ni mwalimu wa Jiografia, bibi."

"Haya, karibu. Keti, lakini usizuie jua." Aliendelea kugeuza. "Huyu mtoto ananisemesha kwenye kioo kila jioni. Nimesema mengi. Sasa nikuulize. Hiyo sauti yangu inakaa wapi?"

"Kwenye kompyuta ya shule, bibi."

"Na siku tukiitaka?"

"Mtaipata," nikasema.

Nilisema upesi hivyo, na kwa furaha. Hakunilazimisha. Akanifungia usipa kwenye gazeti, nami nikaondoka nimeridhika kwamba kazi ni ya kweli. Nilimpa Hilda alama za juu kuliko nilizowahi kumpa mtu.

Muhula uliofuata yakatangazwa maonyesho ya ubunifu wa shule ngazi ya wilaya. Mwalimu Hyera aliiona kazi ya Hilda, akaita walimu watatu waione, kisha akaniambia, "Madamu, hii ni kazi ya shule hasa!" Ukurasa wa kwanza uliokuwa na jina la Hilda na la bibi yake ulibadilishwa. Ukaandikwa jina la shule kwa herufi kubwa, na chini yake: "Mbunifu: Mwalimu Ndimbo. Msimamizi: Mwalimu Hyera." Mwalimu Ndimbo ndiye mimi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mchapaji. Nilisema, "Na Hilda?" Mkuu akasema, "Mwanafunzi anawakilishwa na shule." Jibu hilo lilikuwa na sauti nzuri, nikanyamaza.

Siku ya maonyesho gari lilikuwa na nafasi tano. Alipanda dereva, Mkuu, mwalimu wa taaluma, mimi, na mke wa Mkuu aliyekuwa na shida zake sokoni. Hilda alibaki shuleni, zamu yake ya kuosha masufuria. Tulishika nafasi ya kwanza. Nilipewa cheti chenye ukingo wa dhahabu, nikapigwa picha nimekishika, nimetabasamu meno yote. Mgeni rasmi aliniuliza nilipataje wazo hili. Nikajibu. Nakumbuka hata nilitumia maneno "uzoefu wangu wa muda mrefu".

Hilda alinisalimia kesho yake kama kawaida. Hakuuliza kitu. Nikajiambia kwamba hajali. Mtu akikosa jambo la kujiambia, hilo liko tayari wakati wote.

Haikupita muda, wakaja watu wa taasisi moja ya mjini wanaotengeneza masomo ya kompyuta kwa ajili ya shule. Walikuwa wameona kazi ile kwenye maonyesho. Walivaa fulana zenye nembo na kuita kila kitu "maudhui". Samaki ni maudhui, bibi ni maudhui. Mwalimu Hyera akasaini makubaliano kwa niaba ya "mmiliki", na kama kielelezo cha umiliki akaambatanisha nakala ya kanuni zangu za chumba cha kompyuta. Ile ya saba ilikuwa imepigiwa mstari.

Walipoleta somo lao lililokamilika, tulilitazama kwa projekta, walimu wote. Picha zilikuwa za Hilda. Sauti ya Bibi Estha haikuwepo. Walikuwa wameiondoa kwa sababu, walisema, lafudhi yake ingewachanganya wanafunzi. Mahali pake palikuwa na dada wa mjini anayesoma kwa Kiswahili safi kabisa. Mbufu akamwita mbasa, na mbasa akamwita mbufu. Walimu watatu waliozaliwa ufukweni waliguna. Mkuu akapiga makofi, tukapiga wote.

Nilijipoza kwamba rekodi za asili zipo kwenye kompyuta yetu. Zilikuwepo, mpaka alipokuja fundi kuondoa virusi kabla ya mitihani. Aliondoa virusi na kila kitu kilichokuwa jirani na virusi. Kilichobaki kilikuwa kwenye flashi moja, na flashi ilikuwa kwenye shada la funguo za Mkuu, kati ya ufunguo wa stoo na wa pikipiki.

Hilda alimaliza kidato cha nne, akarudi kwao. Mvua za mwaka uliofuata Bibi Estha aliugua, akafa. Nilikwenda msibani nikakaa na akina mama. Nilisikia shangazi yake Hilda akisema kwamba marehemu hana picha isipokuwa ile ya kitambulisho, ambayo amekunja uso kama amedaiwa. Nilikuwa najua sauti yake ilipo, ninakula wali wa msiba.

Baada ya arobaini wakaja shuleni wawili, Hilda na baba yake. Baba Hilda ni mvuvi, mtu mpole, mabega mapana, alivua kofia kabla hata ya kufika mlangoni. Mimi nilikuwepo ofisini kwa Mkuu kwa mambo ya ratiba.

"Tumekuja na ombi dogo, Mkuu," baba akasema. "Sauti ya mama. Binti yangu anasema iko hapa. Tunaomba tuisikie, na kama inawezekana tuichukue kwenye simu."

Mwalimu Hyera alitoa pole ndefu, nzuri. Kisha akafungua faili. Akaeleza kwamba, kwa mujibu wa makubaliano, shule haiwezi kutoa maudhui hayo kwa mtu wa tatu.

"Mtu wa tatu ni nani?" Hilda akauliza.

"Kwa sasa, ni wewe," Mkuu akasema, bila ubaya. "Wa kwanza ni shule, wa pili ni taasisi."

"Picha nilipiga mimi."

"Kwa kishikwambi cha shule. Ukazitengeneza kwenye kompyuta ya shule, kwa umeme wa shule, kwa maelekezo ya mwalimu wa shule." Akanyoosha kidole dirishani kuelekea chumba cha kompyuta. "Kanuni ya saba iko mlangoni tangu kabla hujaanza kazi hiyo. Uliisoma?"

"Niliisoma," Hilda akasema. Kisha akanigeukia mimi, mara ya kwanza tangu aingie. "Ni mwandiko wako, mwalimu."

Hakupaza sauti. Baba yake alinitazama naye, bila hasira, kama mtu anayesubiri kuambiwa bei. Mimi, mwenye miaka yote hii ya kuzungumza mbele ya madarasa, nilisema, "Tutaangalia utaratibu." Naomba mlikariri jibu hilo. Litawafaa siku mtakapotaka kujichukia.

Walipoondoka nilifunga ratiba nikamwambia Mkuu ampe yule mtoto rekodi. Akasema nami nifikirie: nimebakiza miaka miwili, nina cheti kizuri, jina langu limo kwenye makubaliano kama mbunifu. "Ustaafu kwa amani, madamu." Alimaanisha wema. Alikuwa ananikumbusha kwamba ukiivuta hiyo kamba, mwisho wake umefungwa kwangu.

Nilikaa na hilo neno wiki mbili, kwa ushujaa mkubwa, bila kufanya lolote. Kilichonisukuma si ushujaa. Nilikwenda sokoni kununua samaki, na mama mmoja muuzaji, hakunijua, akaniambia kwa kunifundisha, "Huyu anaitwa mbasa, mama. Siku hizi watoto wanarudi kutoka shule wanamwita mbufu. Sijui nani kawafundisha." Nikalipa nikaondoka nimesahau chenji.

Jumatatu yake niliandika barua kwa bodi ya shule, nikaomba wasikilizwe Hilda na baba yake. Bodi ilikaa saa nne asubuhi, siku ya kazi. Mwenyekiti alikuwa mchungaji mstaafu wa Kianglikana, mwenye subira ya mtu aliyesikiliza kwaya nyingi za majaribio. Mwalimu Hyera alisoma kanuni ya saba. Alisoma makubaliano. Halafu mwenyekiti akampa nafasi Baba Hilda.

"Mimi sijui mambo ya kompyuta," akasema. "Najua mtumbwi. Nikivua kwa mtumbwi wa kuazima, samaki ni wa nani?"

Mwalimu Hyera aliona mlango umefunguka, akaingia mbio. "Mwenye mtumbwi ana mgao wake! Na wewe unajua!"

"Anao, Mkuu, tena nampa wa kwanza. Lakini sijawahi kuona mwenye mtumbwi, amelala kwake, akasimama sokoni akasema yeye ndiye aliyevua. Na sijawahi kuona akiuza na mama yangu ndani ya kapu."

Mjumbe mmoja aliinama akaanza kuangalia viatu vyake. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno.

Nikasimama. Niliwaambia kwamba kanuni ya saba niliitunga mimi, asubuhi moja, kwa sababu sita zilionekana chache. Kwamba niliinakili kutoka kwenye tangazo la viti. Kwamba mwanafunzi si kiti. Niliwaambia kwamba sikubuni chochote. Sikupiga picha hata moja, na mpaka leo samaki wawili huwa nawachanganya. Niliwaambia kwamba Bibi Estha aliniuliza kama wataipata sauti wakiitaka, nami nikamjibu watapata, na kwamba mpaka anakufa sikuwa nimemwambia vinginevyo. Sikumtazama Hilda.

"Kwa hiyo cheti?" mjumbe mmoja akauliza.

"Cheti ni cha uongo. Sahihi ni za kweli."

Bodi iliamua kwa maneno mengi kile ambacho Mapunda angekiamua juu ya stuli. Rekodi zitolewe. Taasisi iandikiwe barua kwamba mwenye kazi ni mwanafunzi na mwenye sauti ni familia, warekebishe au waondoe. Kanuni ya saba ifutwe, iandikwe kwamba kazi ya mwanafunzi ni ya mwanafunzi, shule ikiitaka imwombe yeye na mzazi kwa maandishi, na akimaliza shule apewe nakala. Mwalimu Hyera aliikubali, ila aliomba kuongeza mwishoni "kwa idhini ya Mkuu wa Shule". Mwenyekiti alimtazama mpaka akayafuta maneno yake mwenyewe.

Flashi ikatolewa kwenye shada la funguo. Tuliifungulia katika chumba cha kompyuta, mchana, madirisha wazi. Baba Hilda alikataa kiti, akasimama nyuma ya binti yake. Tulitarajia rekodi ishirini na tatu. Zilikuwa tisa. Mkuu alikuwa amenakili zile za maonyesho tu, zilizompendeza. Kumi na nne ziliondoka na fundi.

Hilda alizihesabu mara mbili kwa kidole kwenye skrini. Akabofya ya kwanza. Bibi Estha akakohoa, akauliza, "Imewaka?" na sauti ya Hilda mdogo ikajibu imewaka, bibi, sema. Baba yake akashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Walisikiliza zote tisa. Mwalimu Hyera alikuwa mlangoni, na nitamtendea haki: alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Mwishoni nilimwomba Hilda msamaha. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, yakatoka machache.

"Picha ya cheti niliiona kwenye simu ya watu siku ileile, mwalimu," akasema. "Nilikuwa nasubiri useme."

"Nimechelewa."

"Ndiyo," akasema. "Umechelewa rekodi kumi na nne."

Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza mara ya pili. Ninyi mnaopenda hadithi ziishe kwa kukumbatiana, mtaniwia radhi.

Taasisi ilijibu kwamba inathamini mchango wa wanafunzi wote. Wakadai uthibitisho, maana cheti kinasema mbunifu ni Mwalimu Ndimbo. Ikanibidi niandike tamko, niape kwamba nilipewa sifa isiyo yangu, nitie sahihi mbele ya mtendaji wa kata, kijana niliyemfundisha, ambaye alilisoma kwa sauti ili ahakikishe ameelewa. Cheti nikakirudisha wilayani kwa barua. Wakanijibu, kwa barua yenye muhuri, kwamba hakuna utaratibu wa kurejesha cheti, na kikanirudia kimekunjwa. Baada ya miezi mitano taasisi ikaweka jina: Hilda Haure. Tukaandika tena. Wakarekebisha. Mbasa na mbufu wamerudi kwenye majina yao pia, ingawa dada wa mjini bado anawatamka kama watu asiowaamini. Hilda alikataa kuwapa sauti ya bibi yake. Walimwuliza sababu. Alisema sababu nayo ni yake.

Mwalimu Hyera alihamishwa kwenda upande wa Liparamba, na nasikia huko anawapa wahitimu nakala za kazi zao, anawasainisha kwenye daftari tatu. Mtu hubadilika kwa namna anayoiweza.

Sasa, ya kazini niliyotakiwa kuwafundisha. Kabla ya kuandika kanuni, mfikirieni mtoto mmoja mnayempenda, muone itamfanya nini. Rekodi za watu msimwachie fundi. Mtu mzee akiwauliza kitu chake kitakaa wapi, msijibu upesi. Mengine mtayajua kwa kukosea, kama sisi, na mtapewa saa.

Wiki iliyopita Hilda alinitumia ujumbe kwenye simu. Anasoma ualimu, mwaka wa kwanza, na likizo hii yuko kwao. Aliniandikia: "Shikamoo mwalimu. Hongera kwa kustaafu. Zile kumi na nne nazirudia na shangazi. Hakumbuki zote lakini tunajaribu. Nakutumia moja usikie. Tafadhali usimpe mtu."

Niliandika, "Sawa." Nikafuta. Nikaandika, "Sawa, ni ya kwako," nikaituma.

Ni ya magege, dakika nne. Shangazi anacheka katikati, anabishana na mtu kuhusu chumvi, kisha anarudi kwenye magege. Nimeisikiliza mara tatu. Mwalimu Nombo alipopita juzi akauliza ninasikiliza nini peke yangu na kutabasamu.

Sikumwambia.